Buti la Mkunga

Habari nyingi za Mkunga zinazosimuliwa mjini Babati si za kweli, na zile za kweli kwa kawaida husimuliwa vibaya. Kwa sababu hiyo nitaandika yale tu niliyoyaona kwa macho yangu, na nikilazimika kutaja uvumi nitautaja kuwa uvumi. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, mwenye haja ya mambo hayo amtafute mwandishi mwingine. Mimi nilimfahamu akiwa jirani yangu wa Nangara: mkunga mstaafu, mjane, mwenye gari dogo la rangi ya maziwa mgando, ambalo buti lake halikufunguka kama mabuti ya magari mengine.

Ilikuwa miaka ile Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya. Kila basi lilishusha ofisa na masanduku yake, nyumba za kupanga zikawa adimu, na mtu yeyote mwenye gari linalotembea alipata abiria. Mkunga naye alikwenda stendi kila asubuhi kuchukua wageni na mizigo. Mwanawe wa pekee, Elibariki, aliyefanya kazi Arusha, hakupendezwa. Alikuwa amesikia kwamba mfuniko wa buti lile ulimkata mtu sikio huko Bonga, naye akaamua kwamba gari liuzwe kabla halijakata kingine. Mkunga alimjibu kwamba gari litauzwa siku ile atakaposhindwa kufungua buti, si kabla ya hapo. Elibariki alikubali, akasema atakuja kushuhudia mwenyewe. Mambo yalisimama hivyo kati ya mama na mwana kwa muda mrefu, na mtaa mzima ulijua.

Nianze na sikio, kwa kuwa ndilo lililoleta maneno. Nilikwenda Bonga, nikamtafuta mtu aliyesemwa kuwa amekatwa, nikamkuta kwenye kibanda chake cha mbao.

"Shikamoo mzee," akaniamkia.

"Marahaba. Naomba kuona masikio yako."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, kisha akageuza kichwa upande mmoja, akageuza na wa pili. Yote mawili yalikuwapo, tena makubwa.

"Sasa ni lipi lililokatwa na buti la Mkunga?"

"Hili la kulia, mzee. Yaani halikukatwa kukatwa. Lilitaka kukatwa."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya gari, nimeinama juu yake. Bibi aliniambia nikae pembeni. Mimi nikasema, huyu mwanamke atanifundisha kuchukua mbao zangu? Nikavuta. Likaruka likanipiga kidevu."

"Kidevu au sikio?"

"Kidevu, mzee. Lakini watu walivyolisema sana lile sikio, mimi mwenyewe siku hizi naliona linauma."

Huo ndio ushahidi wote uliokuwapo, na niliurudisha Nangara kama ulivyo. Mkunga aliusikiliza akiwa anamenya maharage, akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Mkaguzi," akaniambia, kwa maana nilikuwa mkaguzi wa shule kabla ya kustaafu na hakupata kuniita kwa jina lingine, "ungemshika na kidevu, uone kama nacho kipo."

Sasa nieleze buti lenyewe, maana watu wamelipa sifa za uchawi ambazo halikustahili. Kando ya kiti cha dereva kulikuwa na kishikio ambacho, gari lilipokuwa jipya, kilivuta waya na kulifungua buti bila mtu kushuka. Waya ulikatika zamani. Ikabaki njia ya ufunguo, na kitasa kilikuwa kimelika kiasi kwamba ulimi wake ulibanwa na uzito wa mfuniko. Mtu aliyezungusha ufunguo na kuvuta kwa nguvu hakupata kitu, au alipata kila kitu kwa mara moja, kama yule wa Bonga. Ilibidi kwanza kukandamiza mfuniko kwa kiganja, ili ulimi upumue. Kisha kuzungusha ufunguo taratibu. Kisha kulegeza kiganja kidogo kidogo na kuuacha mfuniko uinuke wenyewe, mkono ukiusindikiza. Vyuma vya kuushikilia juu vilikuwa vimechoka, hivyo uliegemezwa kwa mwiko mkubwa wa ugali ambao Mkunga aliuchonga mpini. Mwenye kufungua alisimama ubavuni, kidevu mbali, na vidole vya watoto vilihesabiwa kabla ya kufunga.

Hayo ni mambo ya ufundi mdogo tu, na mtu yeyote angeyajua kwa siku mbili. Kilichokuwa cha Mkunga peke yake ni namna ya kuyasema. Alikuwa amezalisha akina mama kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na hakuwa na lugha nyingine ya kazi.

"Usivute," alimwambia abiria mbele ya stendi nzima. "Nani kakwambia uvute? Mwache aje mwenyewe. Weka mkono hapo juu. Hapo. Sasa pumua."

"Nipumue mimi, bibi?"

"Wewe ndiyo. Buti halina mapafu. Ukibana pumzi unabana na mkono. Haya, zungusha. Taratibu. Anakuja, anakuja. Mshike! Usimwachie ghafla."

Wanaume wazima walitii huku wakitokwa na jasho na kutazama kama kuna jamaa zao karibu. Wapiga debe waliacha kuita abiria wakaja kutazama. Mfuniko ulipoinuka walishangilia, na mtu aliyefungua alipokea mzigo wake mwenyewe kana kwamba amepewa zawadi. Mimi nilizoea kulaani makelele ya stendi, lakini nakiri kwamba kwa kelele zile nilisimama pia.

Hakuna mtu aliyeweza kumfokea. Vijana wengi wa mjini alikuwa amewapokea kwa mikono yake, na alikumbuka kila mmoja alivyofika duniani, au alidai kukumbuka. Jambo hilo sikupata njia ya kulithibitisha. Siku moja nilikuwa nimeketi naye mbele tulipoelekea Singe kununua vitunguu, askari wa barabarani akatusimamisha. Alikuwa kijana mrefu, amevaa miwani ya jua.

"Shikamoo mama. Naomba leseni."

"Marahaba. Vua miwani."

Akavua.

"Ndiyo, nilijua. Wewe ulikataa kulia. Nilikupiga matako mpaka mkono ukaniuma, ukanitazama tu hivyo hivyo unavyonitazama sasa."

"Mama, naomba leseni."

"Nakupa, mwanangu, usiwe na haraka, leo pia una ukaidi ule ule. Fungua buti ukague. Lakini kwanza weka kiganja juu."

Askari alitazama barabara mbele na nyuma, akaturudishia leseni bila kuifunua. Mkunga aliendesha kimya mpaka tukavuka kona, kisha akaniambia kwamba kwa kweli hakuwa na uhakika kama ni yule. Aliyekataa kulia, alisema, huenda alikuwa msichana.

Nilimwambia kwamba huo ni uongo.

"Si uongo, Mkaguzi. Nimekosea faili."

Wapo wanaomfanya mtu mwenye hekima isiyokosea, nami sikubaliani nao. Nilimwona akikosea mara nyingi, na kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kitasa kilipoanza kukwama zaidi alikitia mafuta ya nyonyo, kwa hoja kwamba dawa iliyowasaidia wanawake wengi haiwezi kulishinda buti. Fundi wa gereji alimwambia mafuta hayo yatashika vumbi. Alimjibu fundi kwamba yeye amesomea mafuta hayo. Ikaja kaskazi na vumbi la barabara ya Dodoma, na kitasa kikajaa tope gumu kama ugali wa jana. Kwa siku kadhaa ufunguo uliingia kwa shida, mwishowe ukakataa kabisa, naye alizunguka mjini akiwalaumu watu wa barabara.

Katika siku hizo ndipo lilipotokea jambo la ofisa mgeni. Mengi yamesemwa juu yake, lakini mimi nilikuwapo na ninalieleza kwa mpangilio. Ofisa huyo alikuwa ameletwa na mkoa mpya, kijana mpole, mwenye suti ya kijivu. Mkunga alikuwa amelipakia begi lake ndani ya buti siku iliyotangulia, kabla kitasa hakijaziba, nalo lilikuwa na viatu vyake vya ofisini. Asubuhi ile alitakiwa kwenye kikao na miguuni alikuwa na kandambili. Mkunga akatangaza njia ya tatu: kulaza mgongo wa kiti cha nyuma na kuliingia buti kutokea ndani ya gari. Mimi nilisema mtu aitwe fundi. Hakuna aliyenisikiliza.

Ofisa akavua koti, akalitundika kwenye mchongoma, akaingia kwa kichwa.

"Kichwa kimetangulia," alisema Mkunga, akiwa amesimama mlangoni mwa gari mikono kiunoni. "Tumshukuru Mungu, hiyo ndiyo nafasi nzuri."

"Mama, kuna giza."

"Kila mtu aliyeko humo husema hivyo. Endelea."

Akapata begi. Lakini mabega yake, yaliyopita wakati wa kwenda, hayakutaka kupita wakati wa kurudi, kwa sababu sasa alikuwa amekumbatia begi na hakutaka kuliachia. Majirani walikusanyika. Miguu yenye kandambili ilipigapiga hewa.

"Huyu anatoka kwa miguu," Mkunga alitangaza. "Hao ndio wasumbufu. Baba, usisukume! Legeza bega moja. La kushoto. Sasa geuka kama unalala ubavu."

"Mama, nina kikao!"

"Nao watangoja. Hakuna aliyewahi kubaki humo."

Akatoka, suruali imeshika vumbi, begi mikononi. Mwanamke mmoja wa jirani alipiga vigelegele. Ofisa alivaa viatu pale pale uani, akatushukuru sote kwa adabu, na tangu siku ile alimwamkia Mkunga popote alipomwona, hata akiwa ndani ya gari la serikali. Fundi ndiye aliyesafisha kitasa jioni, kwa mafuta ya taa na msumari. Mkunga alimlipa, akamwambia kwamba nyonyo ililainisha uchafu mpaka ukatoka kirahisi.

Alikuwa na mkinzano mwingine ambao sikupata kuuelewa. Mwanamke aliyeweza kusimama dakika nyingi akingoja mfuniko uinuke wenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Aliimimina kwenye kisosi, akaipuliza, akaungua, akaisema chai. Aliwafokea wapita njia wasioangalia barabara, lakini yeye alisimamisha gari popote alipoona mtu wa kumsalimu. Kwenye mteremko hakukubali kabisa buti lifunguliwe, na sababu yake ilikuwa nzuri: gari likiinua pua mlimani, alisema, mfuniko hutaka kurudi na mzigo hutaka kutoka, na wewe uko katikati yao. Hata hivyo aliacha ufunguo ukining'inia kwenye kitasa usiku kucha, kwa imani kwamba mwizi atavuta. Alikuwa Mkristo wa kukaa benchi la mbele, na kila Ijumaa alimbebea mwenye duka la vitambaa majora yake bure, kwa kuwa mke wa mwenye duka, alisema, ndiye mzazi pekee aliyepata kumpikia pilau mkunga wake.

Mvua za masika zilipokwisha, niliona jambo ambalo sikulipenda. Zamani Mkunga alifungua buti mwenyewe na kuwaacha abiria wafungue pale tu alipotaka kuwatania. Sasa hakulifungua kamwe. Kila mara alisimama ubavuni, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti, akitoa maagizo. Asubuhi moja nilimwona uani kwake akiwa peke yake, hajui kwamba nipo kwenye ua wangu. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya mfuniko, akajaribu kuzungusha ufunguo kwa mkono wa kulia, vidole vikateleza. Akabadilisha mikono; wa kulia haukuwa na nguvu ya kukandamiza. Akajaribu kukandamiza kwa kiwiko, akajaribu kwa nyonga. Kisha akasimama akilitazama buti kama mtu anayelitazama lango la nyumba aliyohama. Kuendesha aliendesha vema, usukani ulikuwa mwepesi na njia zetu hazikuwa na haraka. Lakini sharti alilompa mwanawe halikuhusu usukani.

Nilikwenda nikamwambia nimeona.

"Basi wewe ni shahidi," akasema. "Utamwambia Elibariki?"

"Nikiulizwa nitajibu."

"Najua utajibu. Ndiyo maana watu hawakualiki kwenye harusi."

Elibariki alikuja Jumamosi moja bila kutoa taarifa, pamoja na mnunuzi: mfanyabiashara wa ng'ombe wa Simanjiro, mtu mzima, shuka begani, fimbo mkononi, viatu vya matairi miguuni. Mkunga alikuwa ameingia tu kutoka mnadani. Aliniita kwa sauti kutoka uani kwake, nikaenda. Salamu zilipokwisha na mnunuzi alipokwisha kuketi kwenye stuli, Elibariki alisema maneno yake kwa heshima, lakini aliyasema yote.

"Mama, tulikubaliana. Fungua buti mbele yetu. Ukilifungua, sitataja tena habari hii. Ukishindwa, huyu mzee anaondoka na gari leo."

Mkunga hakutoa mkono mfukoni. Elibariki akanigeukia.

"Mzee, shikamoo tena. Wewe ni jirani na hujui kusema uongo. Mama anaweza kulifungua?"

"Kwa mikono yake, hawezi," nikasema. "Nimeona mwenyewe."

Elibariki aliinamisha uso, na niliona kwamba hakufurahia ushindi wake. Mkunga alinitazama muda mrefu, bila hasira, kama mwalimu anayengoja darasa litulie.

"Amesema kweli," akasema. "Sasa nikuulize, Eli. Nimefanya kazi ile miaka mingi. Nimezaa watoto wangapi wa watu?"

"Mama, usinizungushe."

"Jibu."

"Hukuzaa. Walizaa wenyewe."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa..." Elibariki akasita. "Ulikuwa unawaambia."

"Kuna mtu aliyewahi kuja hospitali akasema mkunga ameshindwa kazi kwa sababu hakuzaa yeye? Njoo hapa. Kunja mikono ya shati."

Alikuja. Sijui kama alikubali hoja au alikuwa tu mtoto aliyeitwa na mama yake. Alishika ufunguo, akazungusha, akavuta.

"Umeanza," akasema Mkunga. "Ulivyokuwa tumboni ndivyo ulivyo. Acha kuvuta. Kiganja cha kushoto juu, karibu na ufunguo. Zaidi. Si kwa vidole, kwa kiganja. Kidevu ondoa hapo."

Mnunuzi aliinuka kwenye stuli, akasogea aone.

"Zungusha sasa. Polepole. Umesikia alivyogusa? Huyo ni ulimi, umeachia. Sasa usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Ngoja."

Tulingoja wote wanne. Mfuniko ulitikisika chini ya kiganja cha Elibariki, ukaanza kuinuka, naye akausindikiza juu kwa mkono, taratibu, uso wake umebadilika kabisa. Ndani ya buti, juu ya gunia, alikuwako jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, ambaye alimtazama kwa dharau.

"Hongera, mwanangu," akasema Mkunga. "Ni wa kiume."

Mnunuzi alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Kisha akafuta macho kwa ncha ya shuka, akauliza kwa makini ya mtu wa biashara: "Hili gari mnaliuza pamoja na mama, au bila mama?"

"Bila," akasema Elibariki, bado ameushika mfuniko.

"Bila mama mimi sichukui. Huko kwetu nani ataniambia nipumue?"

Elibariki alijaribu kuendelea kuwa na uso wa mtu aliyekuja kuuza gari, akashindwa. Aliuegemeza mfuniko kwa mwiko, akachomoa ufunguo kwenye kitasa. Alipomkabidhi mama yake, mkono uliotoka kupokea ulikuwa wa kushoto. Akautazama ule mwingine uliokuwa mfukoni, akauchukua kwa upole, akautoa nje, akaona kifundo kilivyovimba.

"Jumatatu tunakwenda hospitali kwa mkono huu," akasema. "Na kitasa nitaleta kipya. Kitafunguka kwa kugusa tu."

"Hospitali nitakwenda. Kitasa usilete."

"Kwa nini, mama?"

"Kikifunguka kwa kugusa tu, mtu atachukua begi lake, atalipa, ataondoka. Mimi nitaongea na nani?"

Nyumba yangu haiko hatua nyingi kutoka kwake, na jioni huwa nasoma peke yangu. Elibariki alimchukua jogoo, akaelekea jikoni kwa mama yake. Mnunuzi, ambaye alikuwa ameshaokota fimbo yake ili aage, aliuliza kama jogoo yule ni mzito, akaambiwa ni mzito, akarudi kukaa kwenye stuli. Mimi nilikwenda kwangu kuleta viti viwili.